Wewe Unachagua, Yeye Hachagui

Kuna sentensi moja ninayoisikia kila nikienda kununua nguo hapa Nakuru, na kusema ukweli imenichosha. "Mathe, si hii ni mtumba tu? Punguza bana."

Wanaoisema ni watu wa rika langu. Mwingine ana simu ya 20,000 mkononi. Mwingine ametoka kulipa kahawa ya 300 mjini na hakuuliza kwa nini maziwa na maji moto yanagharimu hivyo. Lakini akifika kwa meza ya mama wa mitumba, ghafla amekuwa mtaalamu wa uchumi. Anatupa shati huku, anavuta lingine kule, anasonya, anaondoka pole pole ili aitwe. Akiitwa anarudi, anapunguziwa 50, anaenda kujisifu kwa mabeshte.

Mimi shida yangu ni hilo neno dogo, "tu".

Tuelewane kwanza kabla hujanirushia maneno. Mimi ni mtoto wa mitumba. Nguo zangu za shule ya upili zilitoka huko, koti langu la baridi limetoka huko, na viatu nilivyovaa nikiandika hii vimetoka huko. Sikuambii uache mitumba. Wala sikuambii ulipe bei ya juu ndio uonekane mtu mwema. Ninachosema ni hiki: hiyo nguo ni rahisi kwa sababu kuna mtu amebeba hatari kwa niaba yako. Na mtu huyo si tajiri mwenye kontena. Ni huyo unayemwambia "tu".

TUNAIPENDA, TUSIDANGANYANE

Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari. Mwezi wa saba hapa hauna mchezo. Ukipanda kuelekea Njoro, Elburgon, Molo, baridi inakuingia hadi kwa mifupa. Sasa mwambie kibarua wa shamba la viazi Molo aende dukani anunue koti zito jipya. Atafanya kazi siku ngapi ndio alipate? Mtumba unampa koti lililoshonwa kwa ajili ya theluji ya Canada, zipu bado nzima, na bado anabaki na nauli na pesa ya unga.

Dada anayefanya kazi kwa mashamba ya maua Naivasha, mwanafunzi wa Egerton ambaye mkopo wa masomo umechelewa, mtu wa boda pale Pipeline, mwalimu wa shule ya msingi, hata pasta na shati lake la Jumapili: wote wamepitia meza moja. Krismasi ikikaribia, mzazi mwenye watoto wanne anawavalisha wote kwa pesa ambazo dukani zingenunua suruali moja.

Na pia kuna utamu wake. Dukani shati ni lile lile, rangi tatu, saizi zimepangwa. Ukilivaa utakutana na mwenzako Kenyatta Avenue amelivaa pia, mnaanza kukwepana kama watu mnaodaiana. Kwa mtumba kila nguo ni moja. Umeichimba mwenyewe, umeiona wewe, ni yako. Wengi wetu tulijifunza hapo kutambua pamba na polista kwa kugusa tu.

Halafu kuna watu wanaokula kupitia hiyo meza. Fundi wa cherehani anayepunguza kiuno kwa 50. Mwenye pasi ya makaa. Mwenye mkokoteni. Mama wa chai na mandazi anayezunguka na birika saa moja asubuhi. Funga mitumba leo na hao wote wanalala njaa kesho.

Zamani watu walikuwa wanaona aibu. Wazee wetu waliita hizi nguo kafa Ulaya, yaani mwenyewe alikufa huko ndio nguo ikaja huku. Ulikuwa unanunua ukiangalia nyuma kama mwizi. Siku hizi tumezibatiza upya. Tunasema tunaenda kuthrifti. Watoto wa Milimani na Section 58 wanasukumana na watoto wa Bondeni na Kaptembwo juu ya rundo moja, na mimi naona ni sawa kabisa. Aibu ya mnunuzi imeisha.

Lakini dharau kwa muuzaji imebaki pale pale.

BELI HAIFUNGULIWI

Wengi wetu tumenunua mitumba maisha yote na hatujui huyo mama anaipataje. Ngoja nieleze, kwa sababu hapa ndipo mambo yote yamelala.

Nguo zinatolewa na watu huko nje, nyingi kama msaada. Kampuni zinazinunua kwa kilo, zinazipanga, mashine inazibana, zinafungwa kuwa robota, au beli kama tunavyosema sokoni. Beli ya kawaida ni kilo 45. Zinatoka China, Pakistan, Uingereza, Canada na kwingineko, zinashuka bandari ya Mombasa, nyingi zinafika Gikomba, Nairobi. Kutoka Gikomba mpaka hapa Nakuru ni kama kilomita 160 za barabara, kupitia Naivasha na Gilgil.

Sasa sikiliza vizuri. Mama wa mitumba akifika kwa muuzaji wa jumla, anauziwa beli ikiwa imefungwa. Kwa nje imeandikwa ni mashati ya wanaume, au ni nguo za watoto, au ni marinda. Anaambiwa ni daraja la kwanza au la pili. Lakini haruhusiwi kufungua aone. Analipa kwanza, anabeba, anafungua akiwa kwake.

Wewe unasimama kwa meza yake dakika arobaini. Unageuza nguo ndani nje. Unavuta zipu mara tatu, unanusa kwapa, unainua juu uone kama jua linapita. Usipopenda, unaiacha unaenda meza ya pili. Wewe unachagua. Yeye hakuchagua hata moja. Alilipia kilo 45 za bahati nasibu.

Akifungua, anapanga. Zile kali kabisa zinaitwa kamera. Ndizo watu wanagombania asubuhi. Chini yake kuna za kawaida. Chini kabisa kuna fagia, zile zinazomwagwa kwa gunia unachota kwa mbao au thelathini. Na halafu kuna zile ambazo hata fagia haziwezi: zina madoa ya mafuta, zimepasuka, mguu mmoja wa suruali umekatwa, au ni saizi ya mtu ambaye Nakuru hayuko. Hizo alizilipia pia. Kwa kilo, sawa na kamera.

Hakuna risiti. Hakuna kurudisha. Akirudi Gikomba kulalamika anaambiwa biashara ni bahati, mama, jaribu beli ingine.

HESABU YA WIKI MOJA

Tufanye hesabu pamoja. Hii ni mfano wangu, weka namba zako ukitaka, lakini umbo lake halibadiliki.

Mama ananunua beli ya mashati kwa 12,000. Ndani kuna mashati 200. Kubebewa mpaka Nakuru ni 500. Ushuru wa soko ni 50 kwa siku, siku sita, hiyo ni 300. Kabla auze hata kifungo, ametumia 12,800.

Anafungua. Anapata kamera 40, anaziuza 150 kila moja: 6,000. Za kawaida 80, kwa 80 kila moja: 6,400. Fagia 50, kwa 30: 1,500. Zile 30 zilizobaki haziuziki. Jumla aliyoingiza ni 13,900.

Toa 12,800. Amebaki na 1,100. Wiki nzima ya kusimama juani na kwa mvua, kuanzia alfajiri mpaka taa za barabarani ziwake. Gawa kwa siku sita. Haifiki hata 190 kwa siku. Na hapo hajala chakula cha mchana, hajalipa choo cha soko, na hajampa kitu yule kijana anayemlindia meza usiku.

Sasa tuje kwako na "punguza bana" yako. Tuseme kila mnunuzi wa kamera anafanikiwa kutoa 50 tu. 150 inakuwa soo. Mashati 40 mara 50 ni 2,000. Zimeenda. Mama hajabaki na 1,100 tena. Amepata hasara ya 900.

Soma tena hapo. Soo nusu yako, ile uliyojisifu nayo, ikifanywa na watu arobaini tu wa kamera, inamtoa mtu kwa faida inamweka kwa deni. Wewe utaenda nyumbani ukisema umemchezea. Yeye Jumatatu anaenda kwa chama kuomba mkopo wa kununua beli ingine iliyofungwa.

Ndio maana kamera ni muhimu. Sokoni, kamera ndiyo inayolipa fagia. Lile shati kali la 150 si shati moja tu. Limebeba mgongoni yale mashati thelathini yaliyooza ambayo wewe hukuyaona, kwa sababu yeye aliyatoa kando kabla ufike.

BEI UNAYOBISHANIA NA BEI USIYOBISHANIA

Swali langu kwako ni rahisi. Kwa nini hubishani Naivas?

Naivas yenyewe ilianzia kwetu, mizizi yake ni hii hii kaunti ya Nakuru. Lakini hakuna siku nimeona mtu amesimama kwa keshia akisema, "Si hii ni sabuni tu? Fanya 80." Unalipa, unachukua risiti, unasema asante. Pale mjini kwa maduka yenye kioo na mwanasesere mlangoni, shati la polista jipya ambalo litapauka baada ya kufuliwa mara tano unalilipia 1,200 na mdomo umefungwa.

Kubishana kwetu hakutokani na bei kuwa juu. Kunatokana na mtu aliye mbele yetu kuwa chini. Tunabishana na mama wa mitumba, mama mboga, mzee wa njugu, fundi viatu. Hao ndio tunawapima ujanja wetu. Aliye na duka la vioo tunamwogopa.

Na ninyi wenzangu wenye kurasa za kuuza nguo Instagram na TikTok, msijifiche. Mnafika saa kumi na mbili asubuhi, beli inafunguliwa mko hapo, mnatoa kamera zote. Shati la 150 mnalifua, mnapiga pasi, mnalipiga picha pale kwa ukuta mzuri, linauzwa 900 na pesa ya kulituma juu. Sina neno na hiyo 900. Ni kazi. Kuna sabuni, kuna bando, kuna boda, kuna wateja wanaosema "niwekee" halafu wanapotea. Lakini mtu atakayeuza 900 akimlazimisha mama atoke 150 afike 80, huyo tumwiteje? Kwa sababu umemchukulia zile pekee ambazo zingemrudishia pesa yake, na umemwachia fagia.

Halafu jioni unaandika kwa ukurasa wako kwamba unaunga mkono wanawake.

Najua kuna wenye watasema, "Lakini mimi kweli sina pesa." Nakuelewa, na hii haikuhusu sana. Mwenye 80 anasema ana 80, na mama wa mitumba mwenye roho atakuonyesha ya 80. Au utachimba fagia upate kitu kizuri, kwa sababu fagia nayo ina siku zake. Kuomba ni haki yako. Bei za sokoni hazijaandikwa kwa mawe, na kupatana ni sehemu ya maongezi yetu toka zamani. Ninayemlenga ni yule aliye na thao mfukoni anayeigiza umaskini mbele ya mtu aliye maskini kumliko.

WANASIASA NA MAITI

Kila miaka michache wakubwa wanakumbuka mitumba, na kila wakiikumbuka wanaongea juu ya maiti. Juni 2022, wakati wa kuzindua manifesto ya Azimio, Raila Odinga alizungumza kuhusu nguo za watu waliokufa ng'ambo, nchi ikawaka. Agosti 2023 Rais Museveni wa Uganda naye akarudia hayo hayo alipotangaza kwamba anaipiga marufuku. Yale yale ya kafa Ulaya, sasa yamepanda jukwaani.

Upande wa pili ukaruka juu kuwatetea wauza mitumba. Kura zilikuwa karibu, si mnajua. Mama mboga akawa malkia wa kampeni. Novemba 2022 Hustler Fund ikazinduliwa, na watu wengi wakafungua simu wakakuta wanaweza kukopa 500. Niambie, ndugu yangu, 500 inanunua beli ipi? Hiyo ni pesa ya kusafirisha beli, ukiwa tayari unayo.

Wa kupiga marufuku wanasema mitumba iliua viwanda vyetu vya nguo. Si uongo wote. Soko lilipofunguliwa miaka ya mwanzo ya 1990, viwanda vilianguka. Rivatex ya hapo Eldoret ilifungwa, hadi Chuo Kikuu cha Moi kikaja kuinunua 2007. Watu wa Rift Valley wanajua familia zilizolishwa na hicho kiwanda.

Lakini hapa Nakuru tuna somo letu wenyewe. Eveready ilifunga kiwanda chake cha betri hapa mjini 2014, watu wakarudi nyumbani. Kwani kuna mtu alikuwa anauza betri za mtumba? Betri zilizokizidi nguvu zilikuwa mpya, za bei ya chini, kutoka nje. Ukipiga mitumba marufuku bila kushughulikia bei ya stima, bei ya pamba na nguo mpya za bei ya kutupa kutoka nje, hutafufua Rivatex. Utambadilisha mama na meza yake kwa mwenye kontena la nguo mpya. Kontena halijali ndani kuna nini.

Rwanda walijaribu kweli. Mwaka 2016 walipandisha ushuru wa mitumba kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo. Marekani ikakasirika, na Julai 2018 ikawasimamishia nafasi ya kuingiza nguo huko bila ushuru chini ya AGOA. Waliamua na wakalipa gharama. Sisi tulikuwa kwenye mpango ule ule wa Afrika Mashariki wa kuipunguza mitumba hadi iishe 2019, tukageuka njiani. Halafu Machi 2020 corona ilipoingia tukafunga uagizaji, tukafungua tena Agosti. Miezi hiyo mitano nani aliumia? Mwenye ghala alikuwa na akiba, na bei ikipanda anauza vizuri zaidi. Mwenye meza hakuwa na kitu cha kuweka juu ya meza.

Kwa hivyo naona pande zote mbili zinatupoteza. Wa kwanza anauliza mwenye nguo alikufa au yuko hai. Wa pili anapiga kelele kwamba mitumba ni ajira. Hakuna anayeuliza swali la sokoni: kwa nini beli inauzwa ikiwa imefungwa?

LONDON MBILI

Jambo moja la mwisho kabla ya kufika kwa madai. Yale mashati thelathini yasiyouzika yanaenda wapi?

Mengine yanakuwa matambara ya gereji. Mengine yanachomwa nyuma ya soko jioni, na ule moshi mweusi unaokuwasha macho si moshi wa pamba, ni wa polista, ambayo ni plastiki. Mengine yanabebwa na lori la taka hadi Gioto, jalala letu kubwa, ambalo liko upande wa mtaa unaoitwa London. Yaani nguo inaweza kutoka London ya Uingereza, izunguke dunia nzima, ilipiwe na mama wa Rhonda kwa kilo, halafu imalizie maisha London ya Nakuru. Mtu wa kule amejisikia vizuri kwa kutoa msaada. Watoto wa Gioto ndio wanavuta moshi.

Februari 2023 Changing Markets Foundation ilitoa ripoti kuhusu hizi nguo za plastiki zinazoletwa Kenya zikiwa zimechakaa. Wafanyabiashara wakubwa wa mitumba waliipinga vikali. Wapingane kuhusu asilimia, ni sawa. Mimi nina njia rahisi ya kumaliza ubishi: fungueni beli Mombasa tuhesabu.

TUNADAI NINI

Sitaki kumaliza nikilia tu. Haya ndiyo nadhani tunaweza kudai, na hayahitaji mtu kuwa profesa.

Moja, lebo. Kila beli iandikwe uzito, aina, daraja, nchi ilikotoka na jina la aliyeiagiza. Mfuko wa mbolea una lebo. Pakiti ya unga ina lebo. Beli ya 12,000, ambayo ni karo ya mtoto, inakosaje?

Mbili, risiti. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, tayari inasema kitu kinachouzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo. Ukiandika daraja la kwanza na ndani ni matambara, umevunja sheria ambayo iko tangu kabla wazazi wetu wazaliwe. Lakini bila risiti mama hana kesi. Ana hadithi tu. Katiba nayo, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na habari za kutosha kuhusu anachonunua. Tunaitumia kwa simu mbovu. Kwa nini isifike Gikomba?

Tatu, beli ya sampuli. Muuzaji wa jumla afungue moja kwa kila mzigo watu waone. Na ikizidi kiasi fulani cha taka, arudishe sehemu ya pesa. Akilazimika kurudisha, atambana aliyemuuzia, naye atambana wa kule ng'ambo. Hatari itaanza kupanda juu badala ya kushuka kila siku.

Nne, taka. Tangu 2022 tuna Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, na wazo lake moja kuu ni kwamba anayeleta bidhaa abebe jukumu la taka yake. Basi wenye makontena walipie Gioto. Si mama wa Rhonda.

Tano, hii ni ya serikali ya kaunti. Desemba 2021 tulipewa hadhi ya jiji, tukapiga picha, tukacheza. Jiji ambalo muuzaji wake anafunika nguo kwa karatasi ya nailoni kila mvua ikinyesha, na kanjo anachukua ushuru wake kavu ama maji, hilo bado lina deni. Ushuru urudi kama paa.

Na sisi? Sisi tunaweza kuanza kabla serikali iamke. Kama unauza mtandaoni, lipa kamera kwa bei ya kamera. Bora zaidi, kuweni watano sita, mchange, mnunue beli yenu wenyewe mgawane hatari. Mkifungua mbili tatu mtajua ninachosema, na hamtawahi kusema "tu" tena. Kama unanunua ya kuvaa, pata bei, patana kidogo kama unahitaji, lakini jua pa kusimama. Na ukiwa nayo, acha hiyo 50 ikae kwa meza. Usiiite msaada. Ni malipo ya zile nguo mbovu ambazo mtu mwingine alizinunua ili wewe uone nzuri pekee.

Kesho ni soko. Ukifika kwa meza, kabla hujageuza shati ndani nje, muulize tu mama beli ilifunguka aje wiki hii. Atacheka, ama atapumua kwa nguvu. Vyovyote atakavyojibu, utakuwa umeshajua bei ya haki ni gani.